Je, Lee Teng-hui aliileta demokrasia Taiwan, au aliikuta mlangoni?

*"Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Klabu yetu ya midahalo imechagua mada: 'Demokrasia huletwa na kiongozi, si wananchi.' Kijana wa upande unaounga mkono kaja na mfano wa Lee Teng-hui wa Taiwan. Anasema huyu bwana alileta demokrasia bila damu, tena akawafanya watu wa kisiwa kile waache kujiita Wachina. Wenzake wakamjibu kwamba alikuwa rais kupitia chama kile kile kilichotesa watu karibu miaka arobaini, hivyo alichofanya ni kugeuza koti tu. Wengine wanamfananisha na Mwalimu Nyerere. Nimesoma hapa na pale na nimezidi kuchanganyikiwa, maana wapo wanaomwita baba wa demokrasia na wapo wanaomwita msaliti. Niwaambie nini vijana wangu?"*

Mwalimu, shikamoo au marahaba, maana sijui nani kamzidi mwenzake umri. Vijana wako wamenifurahisha. Si kila siku unakuta watoto wa sekondari wakigombania kisiwa kilicho mbali namna hiyo, na kila mmoja akiwa ameshika kipande cha ukweli.

Nikikusoma vizuri, kinachokutatiza ni hicho hicho: pande zote zina ushahidi. Lee alikuwa mwenyekiti wa Kuomintang, chama kilichotawala kwa mabavu. Lee huyo huyo aliondoka madarakani mwaka 2000 akamkabidhi ofisi mshindi kutoka upinzani. Ukitafuta jibu la "mwema au mbaya" utazunguka palepale. Tuangalie aliukuta mlango umefungwa vipi, na ufunguo ulikuwa wapi.

Kwanza jambo dogo la kuwanusuru vijana na aibu jukwaani: Lee ndilo jina la ukoo, kwa hiyo tunasema "Lee", si "Teng-hui".

Sasa hili la "bila damu". Hapana. Damu ilimwagika, ila nyingi ilimwagika kabla yake. Japani ilikitawala kisiwa kile kuanzia 1895 hadi 1945. Kuomintang, waliokuwa wakitawala China wakati huo, walipokipokea, wenyeji walishangilia, kisha wakajuta. Jioni ya tarehe 27 Februari 1947 maofisa wa kudhibiti biashara ya tumbaku walimpiga mama mjane aliyekuwa akiuza sigara za magendo jijini Taipei. Kesho yake kisiwa kizima kikawaka, na juma moja hivi baadaye wanajeshi wakashushwa kutoka China bara. Ripoti iliyoagizwa na serikali ya Lee mwenyewe, iliyotoka 1992, ilikadiria waliouawa kuwa kati ya 18,000 na 28,000. Ikafuata sheria ya kijeshi, kuanzia 20 Mei 1949 mpaka 15 Julai 1987. Watoto waliozaliwa siku ilipotangazwa walikuwa na miaka thelathini na minane ilipoondolewa.

Katika miaka hiyo watu hawakukaa kimya. Desemba 1979 polisi na waandamanaji walipambana mjini Kaohsiung, na viongozi wa maandamano wakafungwa. Septemba 1986, chama cha upinzani cha DPP kilianzishwa ndani ya Grand Hotel ya Taipei wakati kuanzisha chama bado ni kosa. Rais wa wakati huo, Chiang Ching-kuo, mtoto wa Chiang Kai-shek aliyeongoza Kuomintang kukimbilia kisiwani, akaamua kutowakamata. Sheria ya kijeshi ilifutwa naye, miezi sita kabla hajafa. Lee alikuwa makamu wake tu.

Na hata baada ya Lee kuapishwa Januari 1988, bado mtu aliweza kushtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya kuchapisha rasimu ya katiba ya "Jamhuri ya Taiwan". Ndilo lililomkuta mhariri Cheng Nan-jung. Alikataa kwenda mahakamani, akajifungia katika ofisi ya jarida lake, na polisi walipokuja kumchukua tarehe 7 Aprili 1989 akajichoma moto. Rais alikuwa Lee. Kijana wako anayesema "bila damu" alijue jina hilo kabla wapinzani wake hawajamwambia.

Je, ina maana aligeuza koti tu? Hapo ndipo napishana na upande wa pili.

Lee alizaliwa 1923 Sanzhi, kaskazini mwa Taipei, baba yake akiwa askari mdogo katika polisi ya Wajapani. Alisoma uchumi wa kilimo Kyoto, akiwa na jina la Kijapani. Kaka yake alikufa vitani akiwa jeshi la majini la Japani. Baadaye Lee alisoma Marekani na kupata shahada ya uzamivu Cornell mwaka 1968. Alikuwa mtaalamu wa mashamba, Mkristo wa Kipresbiteri, mrefu kuliko wenzake, na Kimandarini chake kilikuwa na lafudhi ya kisiwani. Chiang mdogo alimpandisha cheo hatua kwa hatua kwa sababu alihitaji sura za wenyeji serikalini. Wazee wa chama walimwona mtu wa kupita: hana jeshi, hana kundi, hana ukoo mkubwa. Tumewahi kuwaona viongozi wa namna hiyo hata kwetu, wale wanaokubaliwa na kila kambi kwa sababu kila kambi inadhani itamwendesha.

Hapa nawaomba vijana wako wasimame kidogo, maana ndipo penye kiini. Kwa nini Taiwan haikuweza kufanya uchaguzi wa maana miaka yote ile? Jibu la haraka ni "udikteta". Lakini udikteta ule ulikuwa na hoja ya kisheria, na hoja hiyo ndiyo iliyolibana kila kitu. Serikali ya Kuomintang, iliyokimbilia Taipei Desemba 1949 baada ya kushindwa vitani na Wakomunisti wa Mao, ilidai kuwa ndiyo serikali halali ya China yote. Bunge la Taifa, lile lililomchagua rais, lilichaguliwa 1947 na mikoa ya China nzima. Sasa mbunge wa Sichuan au Shandong muda wake ukiisha, nani atamchagua mwingine, na wapiga kura wake wako chini ya Mao? Mwaka 1954 majaji wa katiba wakaamua kwamba wabunge wa bunge la kutunga sheria, waliochaguliwa bara pia, waendelee kukaa mpaka uchaguzi utakapowezekana, na wale wa Bunge la Taifa nao wakabaki. Haukuwezekana. Wakakaa miaka arobaini. Mwishoni wengine waliingizwa ukumbini kwa viti vya magurudumu, wauguzi pembeni.

Umeona fundo lilivyo? Ukisema "tufanye uchaguzi wetu hapa kisiwani", umesema pia, utake usitake, kwamba wenye nchi ni watu wa kisiwa hiki. Demokrasia na utambulisho wa taifa vilifungwa kwa kamba moja. Huwezi kulegeza kimoja ukaacha kingine. Ndiyo maana siwezi kuyajibu maswali mawili ya vijana wako kila moja peke yake.

Machi 1990 wazee wale wa Bunge la Taifa walikutana Taipei kumchagua rais. Wakiwa hapo wakajiongezea posho za vikao na kutaka kurefusha muda wa wajumbe. (Mwalimu, posho! Nikilisimulia hili darasani sihitaji kueleza zaidi, wanafunzi wanacheka wenyewe.) Wanafunzi wa vyuo wakajaa katika uwanja wa kumbukumbu ya Chiang Kai-shek, wakakaa chini, wengine wakagoma kula. Katikati wakasimamisha sanamu kubwa ya yungiyungi mweupe, ua linaloota lenyewe milimani kwao. Madai yao yalikuwa manne: Bunge lile livunjwe, Masharti ya Muda ya 1948 yaliyompa rais madaraka ya dharura yafutwe, uitishwe mkutano wa kitaifa, na itolewe ratiba ya mageuzi.

Tarehe 21 Machi Lee alichaguliwa na wazee wale wale, kwa kura zaidi ya 600. Siku hiyo hiyo aliwapokea wawakilishi wa wanafunzi ofisini kwake. Tazama tu picha hiyo: mchana anapokea kura za wazee, kisha anawaahidi vijana kwamba wazee hao watakwenda nyumbani. Miezi tisa tu nyuma, huko Beijing, wanafunzi walikutana na vifaru. Kesho yake vijana wa Taipei wakakunja mahema yao.

Halafu akafanya jambo lililowakasirisha. Alimteua Hau Pei-tsun kuwa waziri mkuu, jenerali aliyekuwa mkuu wa majeshi miaka minane. Vijana wakaona wamesalitiwa, na pengine nami ningeona hivyo. Lakini jenerali alivua gwanda ili apate cheo hicho, akatoka kwenye mkondo wa amri za jeshi, akaingia mahali ambapo wabunge wanaweza kumhoji. Desemba 1992 lilichaguliwa bunge jipya la kutunga sheria, lote kutoka kisiwani, na Februari 1993 Hau akajiuzulu. Nafasi yake akachukua Lien Chan. Hiyo ilikuwa ustadi au bahati? Wanahistoria wanabishana. Mimi naona ustadi ulikuwepo, na bahati haikukosa.

Mengine yalifuata kwa njia ya sheria. Juni 1990 majaji wa katiba waliugeuza uamuzi wa 1954, wakatoa amri wazee wote wastaafu ifikapo 31 Desemba 1991. Mei 1991 Masharti ya Muda yakafutwa. Mei 1992 kifungu cha 100 cha sheria ya jinai kikarekebishwa, hivyo kuzungumzia uhuru wa Taiwan kukaacha kuwa uhaini. Cheng alikuwa ameshakufa miaka mitatu. Mwaka 1994 katiba ikarekebishwa rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi, na tarehe 23 Machi 1996 wakapiga kura hiyo kwa mara ya kwanza. Lee alipata asilimia 54.

Majuma yale China bara ilikuwa ikirusha makombora baharini karibu na bandari za Keelung na Kaohsiung, na Marekani ikaleta manowari zake za kubebea ndege. Beijing ilikuwa imekasirishwa na safari ya Lee huko Cornell Juni 1995. Ikiwa lengo lilikuwa kuwatisha wapiga kura wamwache, halikufanikiwa.

Tuje kwenye "aliwafanya waache kujiita Wachina". Msomaji wa Tanzania atalielewa hili upesi, maana neno "bara" kwetu nalo lina uzito wake. Taiwan ilikuwa na wenyeji, karibu milioni sita, kisha 1949 wakaja watu zaidi ya milioni moja kutoka bara pamoja na serikali. Wabara walishika vyeo vya juu. Lugha ya shule ikawa Kimandarini, na mtoto aliyenaswa akisema Kihoklo au Kihakka, lugha za wenyeji, aliadhibiwa, wengine wakivishwa kibao shingoni. Wasomaji wa Kenya waliovishwa "diski" kwa kusema lugha ya mama hawahitaji maelezo. Hisia ya kuwa Mtaiwan ilikuwepo, basi, ikinong'onwa nyumbani. Lee hakuiumba. Alichofanya ni kuiruhusu iseme hadharani, kisha akajaribu kuipanua.

Alianza na makaburi. Tarehe 28 Februari 1995 aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa mauaji ya 1947. Wakazi wa asili wa kisiwa, waliokuwepo kabla ya Mchina yeyote kufika, kwenye katiba waliitwa "ndugu wa milimani". Mwaka 1994 wakatambuliwa kama wenyeji wa asili. Mwaka 1997 shule za sekondari zikapata vitabu vya kufundisha historia ya Taiwan yenyewe, baada ya vizazi vya watoto kukariri mito na reli za China wasiyoijua.

Tukio ninalopenda kulisimulia zaidi ni la 1998. Ma Ying-jeou, mzaliwa wa Hong Kong, mtoto wa wabara, aligombea umeya wa Taipei kwa tiketi ya Kuomintang. Wapinzani walimnong'ona kuwa si mwenzetu. Kwenye mkutano wa kampeni Lee akamwuliza mbele ya watu, kwa Kihoklo: wewe ni mtu wa wapi? Ma, kwa Kihoklo cha kujifunza, akajibu kwamba yeye ni Mtaiwan mpya, aliyekulia maji na wali wa Taiwan. Umati ukalipuka, na Ma akashinda. Ilikuwa kampeni, ndiyo, na mtu mwenye jicho kali ataona ujanja wa kura. Hata hivyo, kile kilichokuwa kikipimwa kwa damu na asili ya ukoo kilipimwa siku ile kwa wali na maji.

Kuna takwimu ambazo vijana wanaweza kuzitumia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi kimekuwa kikiuliza watu wanajionaje. Mwaka 1992 waliojiita Wataiwan tu walikuwa asilimia 17.6, waliojiita Wachina tu 25.5, na waliosema yote mawili 46.4. Lee alipoondoka mwaka 2000, Wataiwan tu walikuwa karibu 37. Kufikia 2020, mwaka aliofariki akiwa na miaka 97, walipita 60, na Wachina tu walikuwa chini ya 3. Sehemu kubwa ya ongezeko ilikuja akiwa ameshatoka Ikulu. Hotuba za mtu mmoja hazifanyi kazi hiyo. Nafikiri kura ndiyo iliyofanya: kila miaka minne watu wale wale, wa visiwa vile vile, wanapanga foleni kuamua jambo moja, na aliye nje ya foleni hiyo hahusiki. Ongeza makombora ya jirani.

Kuna uzi mwingine unaopita kwetu. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliipa Beijing kiti kilichokuwa cha Taipei. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliodhamini azimio lile, na furaha ya balozi wetu kijana, Salim Ahmed Salim, mle ukumbini ilikumbukwa na Wamarekani kwa miaka mingi. Tuliona ni haki, na kwa hoja ya nani anawakilisha mamia ya milioni ya watu wa bara, ilikuwa haki. Ila kule kisiwani pigo lile liliiacha Kuomintang bila hoja. Dunia haiamini tena kwamba wewe ni China, basi wewe ni nani? Baada ya hapo Chiang mdogo alizidi kuwatafuta wenyeji wa kuwaingiza serikalini, na mmoja wao alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeingia baraza la mawaziri 1972, Lee.

Mizani isiegemee upande mmoja, kwa hiyo nitaje deni lake. Ili awashinde wazee wa chama, Lee aliwategemea vigogo wa wilaya, wanunuzi wa kura, na watu wenye mkono katika magenge. Wenyewe waliita "dhahabu nyeusi", na uchafu huo ulichangia chama chake kushindwa mwaka 2000, pale Chen Shui-bian wa DPP alipopata asilimia 39 na Lien Chan akawa wa tatu. Alipenda Japani kwa namna iliyowaumiza walioteswa na Japani. Alibadilika maneno: alianza na lugha ya muungano, 1999 akasema uhusiano na China ni wa "dola na dola, wa aina ya pekee", na 2001 chama chake kikamfukuza. Alishtakiwa 2011 kwa fedha za siri za kidiplomasia, akaachiwa huru mahakamani. Anayemwita msaliti wa Kuomintang ana sababu zake. Beijing nayo ina zake.

Kumfananisha na Nyerere nakubali kwa sehemu tu. Nyerere alijenga taifa kwanza, kwa lugha moja na chama kimoja, na vyama vingi vikaja 1992 baada ya Tume ya Nyalali kuvipendekeza ingawa wengi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Wote wawili walitumia sauti yao kuwaambia wenzao chamani kwamba nyakati zimebadilika. Lakini Nyerere alipokea taifa lililotaka kuungana, huku Lee akipokea dola iliyokuwa na ramani ya nchi nyingine ukutani. Wakishikilia ulinganisho huo, waanze na tofauti.

Kwenye mada yenyewe, ningewashauri waunga mkono wasimame juu ya 21 Machi 1990 na wapinzani juu ya Cheng Nan-jung na DPP ya 1986, kisha mwenyekiti aulize: bila wanafunzi uwanjani, Lee angekuwa na nini cha kuwaonyesha wazee? Na bila Lee ofisini, wanafunzi wangekutana na nani?

Hayo yanatosha kwa mdahalo. Ikiwa kuna kijana anataka kuandika insha ya mashindano au baadaye tasnifu, majibu ya mtandaoni, haya yangu yakiwemo, hayatoshi. Mpeleke kwa mhadhiri wa sayansi ya siasa au historia ya Asia katika chuo kikuu kilicho karibu nawe, ana kwa ana, na rasimu mkononi. Akimpata anayesoma Kichina ni bora zaidi, maana nyaraka za 1947 na kumbukumbu za wabunge wale hazijatafsiriwa kwa wingi. Walimu wengi wa Kichina vyuoni kwetu wametoka China bara. Awasikilize kwa adabu, aandike wanachosema, kisha amtafute pia mtu aliyeishi Taipei. Na kama swali lake litageuka kuwa "sisi tubadilishe katiba yetu vipi", hapo aende kwa mwanasheria wa katiba, maana mimi nitakuwa nimetoka nje ya kibanda changu.